Kijiwe Nilichokisugua kwa Majivu

Kaka Fulgensi,

Shikamoo yako ninayo, lakini leo siitoi. Utaipokea siku utakayofika.

Barua yako nimeipata. Kurasa nne! Nilikuandikia jambo moja tu: wazee wa Gairo wanaleta posa ya binti yangu Anjela, njoo. Wewe umenijibu habari za almasi mbili zinazobana kipande cha madini huko Ulaya, kikabanwa na kupozwa mpaka umeme ukapita bila kikwazo hata chembe. Hongera. Halafu mwishoni, "wasalimie wote nyumbani." Wote akina nani, kaka? Mama tulimzika bila wewe.

Kilichonichoma zaidi ni ukurasa wa pili. Unasema kazi yako yote ilianzia hapa nyumbani Matombo, siku "nilipokisugua kile kijiwe." Ulipokisugua wewe? Wee! Unanidhulumu mchana kweupe.

Ngoja nikukumbushe. Ulikuja likizo kutoka masomoni na kijiwe cheusi kisichozidi punje ya hindi, umekiviringisha kwenye pamba. Ukakiacha ndani ya kikombe cha bati, juu ya kichanja cha vyombo. Miaka ile ya foleni madukani, sabuni ilikuwa ya kubahatisha, vyombo tulisugua kwa majivu na mchanga. Nikakikuta, nikadhani ni kifungo cha mama kilichoshika masizi. Nikakisugua kwa nguvu zangu zote. Kikang'aa rangi ya dhahabu! Mama akadhani ni dhahabu kweli, akatupa mwiko wake: "Kificheni, majirani wasije wakaona!"

Kwanza ulinifokea. "Umefanya nini wewe?" Kisha ukapiga magoti kwenye tope la maji ya vyombo, ukacheka mpaka machozi. Ukaniambia kwamba ndani ya kijiwe kile elektroni zinaogopana, kila moja imejifungia kwenye atomu yake. Mkono wangu umezibana atomu, zimesogeleana, elektroni zimeshindwa kujifungia, zimetoka kutembea. Ndiyo maana ngozi ya jiwe imegeuka metali. "Kwa majivu!" ulirudia. "Kwa majivu, mdogo wangu!" Ukaahidi kwamba ukimaliza utarudi kufungua maabara Morogoro mjini, mimi niwe fundi wako. Nilikuamini, mjinga mimi.

Nilikusubiri nikiwa kiwandani, kwenye mashine za kufuma. Kiwanda kikauzwa, tukapewa barua za kupunguzwa, mashine zikang'olewa tukitazama. Sasa nauza ndizi sokoni. Soko huria limejaza maduka sabuni za kila rangi, na mimi bado nasugua kwa majivu. Halafu wewe unanifundisha mambo ya kubanwa!

Wazee wa Gairo walikuja. Wao si wa kabila letu, ikabidi niwaeleze: kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, barua ya posa hufunguliwa na mjomba, na Anjela hana mjomba mwingine. Wakakaa wakikitazama kiti chako mpaka chai ikapoa. Wakaondoka na barua yao haijafunguliwa. Anjela alikuwa jikoni anasikia yote. Akaniuliza, "Mama, hivi mjomba ananijua hata kwa jina?"

Nina hasira na wewe, kaka. Na bado nikisikia mtu anacheka kwa kujiachia huko nje nageuka kutazama kama ni wewe. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Wazee wa Gairo watarudi mara moja tu, mahindi yakishavunwa. Wamesema hawana safari ya tatu. Wazee wa ukoo wetu wananikanya kwamba mwanamke haifungui barua hiyo. Mimi nimeshaamua: usipokuja nitakaa kwenye kiti chako, nitaifungua na nitaijibu, waniite jina wanalotaka. Mwanangu hawezi kukosa ndoa kwa sababu ya almasi zako.

Kijiwe bado kipo, na dhahabu yake. Nimempa Anjela aende nacho kwake. Nimemweleza nani alikisugua, na kwa nini. Kama unabisha, njoo ubishe mbele yake.

Mdogo wako, mama Anjela,
aliyekisugua.