Breki Zako Ulimpa Mgeni

Baba Mutonyi,

Binti yako ametumbukiza kengele ya baiskeli yako ndani ya uji wake sasa hivi. Nilikuwa nimeifungua niipanguse vumbi la kupandia huku mlimani Wanale, nikaiweka juu ya jiwe, kugeuza shingo tu, imezama. Nimeitoa, nimeigonga. Inalia kama mbuzi mwenye mafua. Yeye ananitazama kwa macho yako yale ya "sasa nimekosa nini," halafu ananyoosha mkono anaidai tena. Nilitaka kumfokea, nikacheka. Hasira yangu siimalizii kwa mtoto. Nimekuwekea wewe.

Ndiyo, nimekasirika. Watu wanasema marehemu haambiwi maneno makali. Basi wasisome. Mimi na wewe tumezoea kuambiana kwa Kiswahili hiki, mimi nilikitoa kota za magereza kule Jinja kwa baba yangu afande, wewe ulikitoa barabarani kwa madereva. Kigisu chako kilinishinda, Kiteso changu ulikicheka. Kwa lugha hii ulinitongoza, kwa lugha hii nitakugombeza.

Niko nyuma ya jiko la mama yako. Uani kuna wageni wanne, wako likizo, wanakula ndizi za matooke na mchuzi wa karanga. Mimi ndiye niliyewaleta. Umesikia? Jana niliwazungusha vijiji vya Jinja mpaka kwa yule mama wa mvinyo wa mananasi. Leo asubuhi gari limetuleta na baiskeli zetu mpaka Mbale mjini, tukapanda kwa kanyagio mpaka hapa. Ile njia yako ya wageni. Wakimaliza kula, mama yako anatakiwa kutoa mvinyo wa ndizi, na hapo ndipo roho yangu iko juu. Tangu tukuzike, mama hajaweka mvinyo mdomoni. Na hapa kwenu, mwenye nyumba asipoonja kwanza mbele ya watu, hakuna mgeni anayemiminiwa. Ulikuwa ukiwaambia wageni, "Anaonja muone hakuna sumu," nao wanacheka, wanadhani ni mzaha. Leo nikimtazama mama anavyolizunguka lile dumu bila kuligusa, si mzaha hata kidogo.

Ngoja nikueleze ulivyotuacha, maana wewe uliondoka mapema.

Siku ya kukuzika kaka yako alisimama kusema ya familia. Akasema, "Mdogo wangu ameuawa na mvinyo, si na baiskeli. Kutwa kuonja, nyumba hii, nyumba ile. Na mara ya mwisho ameonjea hapa hapa." Akanyoosha mkono. Watu wote wakageuka kutazama kibanda cha mama yako. Yeye alikuwa ameketi chini pamoja nasi wanawake. Alivuta tu kitenge chake akafunika mikono, kama mtu anayeficha kidonda.

Kesho yake nilimkuta anamwaga. Madumu yote. Hata lile lenye mrija unaozama kwenye chupa ya maji, ambalo Mutonyi hupenda kulisikiliza likipiga mapovu. Yote kwenye migomba. Shamba zima likanuka ulevi, kuku wakawa wanakwenda upande. Nikamshika mkono, akanitoa. "Niache, mwanangu. Kikombe chake cha mwisho nilimmiminia mimi."

Mimi nilijua wewe si mlevi. Ulikuwa unagusisha ulimi kama paka aliyeunguzwa na maziwa, halafu unamrudishia mama kikombe ukisema mwaka huu ndizi zimejitahidi. Lakini ningemwambia nani? Mke wa kutoka kota, hata matanga hayajaisha, amjibu shemeji yake mbele ya ukoo?

Halafu nikaitwa kituoni kuchukua baiskeli. Afande wa zamu alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, Kiswahili chake kama cha baba yangu kabisa, kila neno limepigwa pasi. Akaitoa nyuma ya jengo, imepinda gurudumu la mbele. Akachuchumaa. Akaniambia, "Mama, tazama hapa. Hizi chuma za breki hazina raba. Haziko mbele, haziko nyuma. Hazikukatika, zimefunguliwa kwa spana." Akainuka. "Na spana tulimkuta nayo mfukoni."

Nikamuuliza zimefunguliwa na nani. Akasema, "Na yeye mwenyewe. Yule mama mgeni aliyekuwa akimwongoza alitueleza huku analia. Raba zake ziliisha wakati wa kushuka. Bwana wako akamfungia za kwake, akamwambia asiwe na wasiwasi, yeye atatumia kiatu."

Kiatu. Baba Mutonyi, kiatu. Ndala zako za tairi, kusugua gurudumu kwa unyayo kama watoto waliotumwa kusagisha unga. Kwenye ile kona yenye kokoto ulipoangukia, ambayo wewe mwenyewe uliniambia hata mbuzi huishuka kwa adabu.

Na palikuwa na njia nyingine. Hata Mutonyi, ambaye bado anavaa viatu kinyume, angeijua. Kushuka mkasukuma. Wote. Miguu mlikuwa nayo. Jua lilikuwa bado. Lakini sikuwepo na bado nakusikia ulivyosema, nasikia mpaka kicheko chako cha pembeni: "Mtu wa likizo hasukumi baiskeli."

Wageni. Kila siku wageni. Unakumbuka yule aliyeachwa na gari kule Nalufenya, ukamleta nyumbani na mvua, ukampa kitanda chetu? Mimi tumbo limefika puani, nimelala kwenye mkeka nageuka kama gogo. Asubuhi ukamuuliza yeye kama amelala vizuri. Mimi hukuniuliza. Na ile firigisi. Kuku wa kwanza niliyempika nikiwa mke wako, nikakuwekea firigisi juu kabisa, ya mwenye nyumba, mama zangu wadogo wote walinionya nisiipoteze. Ukaichukua kwa vidole ukamwekea mgeni. Naye masikini hakujua ni nini, akaisogeza pembeni ya sahani, paka wa jirani akala. Nililia jikoni, wewe ukaja ukanishika kiuno ukasema, "Mke wangu, huyu atarudi kwao, sisi tutakula firigisi mpaka tuzeeke."

Mpaka tuzeeke. Ulisema hivyo.

Kuna siku nakuchukia kwa sababu ya uwanja wa Masese. Wewe ndiye uliyenifundisha baiskeli pale, karibu na akina mama wanaokausha dagaa wa mukene juu ya nyavu, nimevaa suruali yako imefungwa na kamba. Nikaenda nikaingia moja kwa moja kwenye samaki wa watu. Yule mama mwenye nyavu hakunisaidia hata kuinuka. Alikuita wewe: "Bwana, mtoe mkeo kwenye mukene wangu, au nimwache hapo akauke nimuuze naye." Nilinuka samaki siku nzima, na wewe ulinibusu hivyo hivyo. Lakini unakumbuka somo lilianzaje? Kabla hujaniruhusu kukanyaga hata mara moja, uliniketisha hapo nikibana breki, naachia, nabana, naachia, mpaka vidole vikauma. Ukasema, "Kwanza jua kusimama. Kwenda hata mbwa anajua." Mtu aliyesema hivyo ndiye aliyefungua breki zake barabarani. Nikikumbuka hapo nataka kuja kukufukua nikuulize.

Basi nikaileta ile baiskeli mpaka hapa. Nikaiweka mbele ya mama yako, hakutaka kuitazama. Nikamshika mkono nikamwonyesha pale raba inapokaa. Akaingiza kidole. Kikapita upande wa pili.

"Kwa hiyo haikuwa kikombe," akasema.

"Haikuwa kikombe, Mama."

Akakaa. Kisha akasema, "Mjinga huyu." Sijawahi kumsikia akikutusi, hata ulipomvunjia chungu cha bibi yake. "Mjinga, mjinga, mtoto wangu mjinga." Nami nikaanza. Tulikutusi wote wawili, Baba Mutonyi, jioni nzima, yeye kwa Kigisu mimi kwa Kiswahili, mpaka mtoto akaamka akadhani tunamgombeza yeye. Asubuhi nilimkuta ameshakata mikungu ya mvinyo, ameifunika kwa majani iive. Alinipa panga niendelee.

Kaka yako alikuja. Mama alimpeleka kwenye baiskeli kama anavyompeleka ng'ombe mtoni, akamwekea kidole chake pale pale. Shemeji alikohoa. Nikamwambia nimezungumza na watu wa Jinja wanaoleta wageni, wamekubali niwe naongoza mimi. Akasema, "Shemeji, sikatai. Lakini mwanamke juu ya kanyagio, nyumba za mvinyo, na ana mtoto. Watu watasema nini?"

Mama yako akamjibu, "Watasema breki zake zinashika."

Hajaomba msamaha mpaka leo, nisikudanganye. Ila siku mbili baadaye alirudi na nyundo na spoki, akaketi uani, akalinyoosha lile gurudumu mpaka likazunguka bila kuyumba. Raba mpya alizifunga yeye. Alibana, akaachia, akabana, na nikaona anaficha uso. Nikaingia jikoni nimwache.

Kwa hiyo napanda baiskeli yako. Tandiko nimelishusha. Jana kwenye barabara ya vumbi wanafunzi walinikimbilia wakiimba "mama baiskeli, mama baiskeli," na moyo wangu, sijui nikuambieje, ulifunguka kidogo. Niliona aibu kufurahi. Halafu nikasema, hapana, nitafurahi, unanidai nini wewe kwenye furaha yangu. Wageni wangu wameniuliza lile swali lao, wapi zabibu. Nikawajibu kama wewe: zabibu ziko kwenu, huku mvinyo unatoka kwa ndizi na mananasi, na mizabibu yetu ni hii migomba mnayoipita sasa hivi. Walicheka pale pale wageni wako walipokuwa wakicheka. Neno moja tu sikuwaambia. Sikuwaambia kwamba mtu wa likizo hasukumi. Nimewaambia tangu Jinja: kuna kona moja, kule tutashuka wote, na atakayeona ni taabu abaki na gari. Yule mrefu alinung'unika. Nikamwacha anung'unike. Mwanamume akinung'unika hafi.

Nasikia sahani zinakusanywa. Dumu sijalisikia likifunguliwa, na sijui mama anafikiri nini. Asipoonja leo, wageni wataondoka midomo mikavu, na kesho hakuna atakayeletwa hapa tena, na yeye atarudi kuficha mikono ndani ya kitenge. Sitaki kwenda kutazama. Naogopa nikitazama nitamharakisha.

Acha nikuage kabla sijaitwa. Lala, Baba Mutonyi. Bado nimekasirika, lakini lala. Sikusamehi leo, labda mavuno yajayo, nitakuja na jembe nipalilie kaburi lako tuongee. Na ninakuahidi hivi. Mgeni nitamheshimu, hilo umenifundisha na sitaliacha. Nitampa kiti. Nitampa maji ya kunawa. Firigisi akiitaka achukue. Breki zangu, hapana. Kwa sababu na mimi nina mgeni wangu, amekuja duniani juzi tu, hajaona kitu, amekaa hapa amejaa uji mpaka kwenye nyusi, na yeye akilala usiku anategemea kwamba aliyeshuka asubuhi atapanda tena jioni. Huyo ndiye uliyemsahau. Huyo mimi simsahau.

Kengele nimeifunga tena. Tukifika kwenye kona nitaipiga, hivi hivi na mafua yake, nawe ukiisikia ujue kwamba

Ngoja, mama ananiita. Sauti yake. Anasema, "Mama Mutonyi, nimeshaonja, ni tamu, njoo umimine, na huyu mrefu anasema breki yake ya nyuma haishiki, anauliza kama una za kumpa." Ameonja, Baba Mutonyi, ameonja. Naenda. Na huyo mrefu namjibu kutoka hapa hapa nilipo: leo kona zote ni kwa miguu, si ile moja tu, yuko likizo, muda anao, atasukuma kama wenzake, na mimi mbele yake nitasukuma hii yako, nikipiga kengele.