Mume Wangu Anataka Niseme Nilimpa Dawa ya Kikohozi

Mpendwa Mama Wavinya, naomba msaada wako kwa sababu siwezi kumwambia mtu hapa, si mama yangu wala wanawake wa kanisani, na kichwa kimejaa mawazo hata chakula hakipiti. Mume wangu Titus ni mkimbiaji wa mbio ndefu, anakaa Mlolongo na wenzake wa timu, mimi niko Masii na mtoto wetu Mumo na mama mkwe, na mwezi uliopita tulisikia kwenye redio kwamba Titus alipimwa mkojo baada ya mashindano ukapatikana na dawa iliyokatazwa, na asipojitetea vizuri atafungiwa miaka miwili asikimbie popote.

Jumamosi alikuja nyumbani, hakusalimia mtu, akaniita chumbani akatoa chupa ya dawa ya kikohozi kwenye koti akaniambia, "Mama Mumo, hii ndio ile dawa ulininunulia hapa soko nikiwa na homa. Hao wakubwa wa riadha wakikuuliza Nairobi, sema tu hivyo." Nikamuuliza homa gani, maana alipokuja kabla ya mashindano alikuwa akipanda kilima kila asubuhi akiimba na sikumsikia akikohoa hata kidogo. Akawaka, "Kwani wewe uko upande gani?"

Ni kweli siku hizo nilinunua dawa ya kikohozi, lakini ilikuwa ya mtoto, na duka la dawa hapa kwetu humimina kutoka kwa mtungi mkubwa, chupa unabeba yako kutoka nyumbani, na mimi nilibeba ya soda nikaiziba na gunzi la mahindi. Hiyo ya Titus ina kifuniko chake na karatasi iliyojaa maandishi! Hajui kwa sababu hajawahi kwenda kumnunulia mtoto dawa. Na mama mkwe naye tangu Alhamisi anawaambia watu kisimani kwamba dawa yangu ndiyo imemmaliza mwanawe. Nampenda mume wangu, na akifungiwa sijui tutaishi vipi, lakini nikisema uongo huo nitakuwa mwanamke aliyeharibu mbio zake maisha yangu yote. Kikao cha kumsikiliza huko Nairobi ni wiki ijayo. Nifanye nini?

Ndinda, Masii

MAMA WAVINYA ANAJIBU

Ndinda, pole sana. Sasa pangusa machozi unisikize.

Dawa za homa na kikohozi zimewaponza wakimbiaji wasio na hatia, hilo sikatai. Lakini aliyeponzwa na dawa ya kikohozi hukumbuka kwanza kikohozi. Wako amekumbuka chupa tu, tena mpya. Mimi naamini aliyeinunua alisoma majibu ya mkojo kwanza, ndipo akaenda dukani kutafuta chupa ambayo karatasi yake ina jina la dawa ile ile. Kama ni Titus au ni anayemfundisha kukimbia, sijui, lakini kuna mtu amekufikiria wewe ni mjinga.

Na hukuona jambo lingine. Titus alikuletea chupa Jumamosi. Mama mkwe alianza kukusema Alhamisi, siku mbili kabla ya hapo. Aliambiwa na nani, mama? Mzigo ulikuwa umeshafungwa, ukaitwa chumbani kutwikwa tu. Hapo nakukaripia kabisa: unahesabu jinsi mtakavyoishi akifungiwa, na anayefungiwa tayari ni wewe, kisimani, mbele ya majirani, nawe umenyamaza kama mgeni kwako.

Usiende Nairobi kusema usichokijua, na usiweke sahihi popote. Mwambie mama yako leo, asije akasikia habari hizi kisimani. Mama mkwe usigombane naye. Muulize tu kwa heshima, mbele ya mtu mwingine, hiyo dawa alisikia habari zake lini na kwa nani. Kama Titus alipewa kitu na mtu akakimeza bila kujua, akamtaje huyo mtu kikaoni. Huenda akasikizwa. Akienda na uongo wa chupa, wakubwa wale wataufungua haraka kuliko hicho kifuniko, na hapo hata ukweli wake hautaaminika.

Akija tena, usipige kelele. Mpe ile chupa ya soda na gunzi lake, umwambie aende sokoni akamnunulie Mumo dawa ya kuweka nyumbani. Aende mwenyewe, asimame pale dukani, aone inavyomiminwa. Akirudi, funga mlango mbaki wawili tu, umuulize mara moja: "Titus, ulikunywa nini?"