Nilimuuza Ng'ombe wa Babu, Sasa Wananituma Isaka

Mpendwa dada Justa, shikamoo. Naomba msaada wako na usinicheke mwandiko, niliishia darasa la tano, na kuongea mbele za watu siwezi, hata hii barua naiandikia huku malishoni ili wa nyumbani wasione.

Mimi ni kijana wa miaka kumi na nane, kwetu ni kijijini nje ya Kahama. Nilipokuwa na miaka kumi na tano nilifanya kosa. Kwetu kulikuwa na dume jekundu la marehemu babu, yaani sisi kwetu babu akishafariki kuna ng'ombe anapewa jina lake, huyo hauzwi, hachapwi, hata akizeeka anaachwa tu, na huyo aliitwa Mayala kama babu na mimi pia naitwa Mayala ndio maana nilikuwa namchunga mimi, sasa siku ya mnada nikamtoa kwenye kundi nikamuuzia mchuuzi mmoja wa nyama nikapanda gari nikaenda zangu machimboni Geita, sikuaga mtu.

Kule nimekaa miaka mitatu, nimejifunza kuangalia watu. Ukipanda kutoka shimoni wanakukagua mdomo, wanakukagua nywele, unavua gambuti unazikung'uta wakiona, na mtu akianza kukusifia ujue kuna kitu anakitaka kwako. Mshikaji wangu Mageni alikuwa ananiita fundi, fundi, siku tuliyogawana mawe nikamwachia mfuko wangu anishikie nikaenda kunywa uji, nikarudi nikaupeleka kusaga kwenye karasha, haukutoa hata chembe ya dhahabu, kumbe alishaniwekea mawe matupu. Tangu hapo simwamini mtu. Mwaka huu udongo ukashuka kwenye duara la jirani, yaani shimo lao, nikaona mtu anatolewa miguu kwanza, nikasema basi, narudi kwetu.

Nimerudi mwezi wa sita na hapo ndipo penye wasiwasi wangu dada, kwa sababu hakuna aliyenigombeza. Baba nilimwamkia akaitika marahaba, akaniuliza, "Umekula?" Basi, la ng'ombe hajalitaja mpaka leo. Nilivyoingia ndani nikavua viatu nikajikuta navikung'uta mbele ya mama kama nimetoka shimoni, mama akajiziba mdomo akatoka nje, sikujua analia au anacheka. Tangu siku hiyo ananipa maziwa mgando kabla ya wote, mimi ni mgeni? Baba na baba mdogo Edson wakiwa wanaongea nikitokea wananyamaza. Shati langu la bluu limepotea kwenye kamba, namuuliza mdogo wangu Blessing anasema, "Muulize mayu," sijamuuliza mama, naogopa jibu, maana kuna watu wanapeleka nguo ya mtu kwa mganga. Nikienda kunywesha ng'ombe namwona mtoto wa baba mdogo nyuma yangu na manati, eti anawinda ndege, ndege gani hao wanaokaa nilipo mimi tu?

Sasa juzi. Dada yangu Agnetha anaolewa na kijana wa karibu na Isaka, anapakia mizigo pale bandari kavu, na mahari ni ng'ombe kumi na mbili. Kwetu kaka wa binti ndio wanaenda kuwakagua kule kule na kuwaswaga mpaka nyumbani. Tukiwa tunakula baba akasema, "Ataenda Mayala."

Enock, mtoto mkubwa wa baba mdogo, akadakia, "Baba mkubwa, wakifika wote kumi na mbili mimi nanyoa nyusi."

Agnetha akamwambia, "Nyoa tu, sura yenyewe haina cha kupoteza."

Wakacheka wote, baba hakucheka, akarudia, "Ataenda Mayala. Wewe Enock utamsindikiza."

Najiuliza kwa nini mimi? Huu ni mtego. Akipotea hata mmoja harusi ya dada inaharibika na jina ni langu, au wanataka nikimbie nao wapate sababu ya kunifukuza moja kwa moja, na Enock ndio shahidi. Mageni naye kila siku ananitumia sauti, "Fundi, rudi, duara limetema dhahabu, huko kwenu unafanya nini?" Begi nimeshafunga liko chini ya kitanda. Safari ya Isaka ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Niende au nirudi machimboni? Nijibu mapema dada.

Mayala, nje ya Kahama

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu ya hiyo Jumamosi.

Kwanza pole. Mtoto wa miaka kumi na tano aliyekulia shimoni, akaona mtu akitolewa miguu mbele, hawezi kurudi nyumbani akalala usingizi wake wa zamani. Macho hayo uliyapata kwa shida, na sikulaumu kwa kuwa nayo. Nakulaumu kwa unakoyaelekeza.

Isome barua yako mwenyewe. Umemshuku mama kwa kukupa maziwa, umemshuku baba kwa kukuuliza kama umekula, umemshuku hadi mtoto mwenye manati. Katika watu wote uliowataja, aliyekuibia ni mmoja tu, Mageni. Na huyo ndiye unayemfungia begi! Bado anakuita fundi, na wewe bado unaitika. Kama unajua kuangalia watu, umeshindwaje kumwona huyo?

La pili ndilo zito. Nimeitafuta mara tatu sehemu unayosema ulimwomba baba yako msamaha. Haimo. Umerudi tangu mwezi wa sita, unahesabu nani amekutazama na nani amenyamaza, na wewe ndiye uliyenyamaza kuliko wote. Ulimuuza mnyama mwenye jina la baba yake mzazi, akaishia buchani, kisha unashangaa mzee hana maneno? Anayasubiri ya kwako.

Unauliza kama ni mtego. Sijui, simjui baba yako. Huenda anakupima, na ana haki hiyo. Lakini mtu anayetaka kukufukuza hahitaji ng'ombe kumi na mbili wa binti yake kufanya hivyo, angekufukuza ile siku ya kwanza, na kijiji kizima kingemwelewa. Enock amekutania mbele ya watu. Vumilia, utani huo umeununua mwenyewe.

Sasa fanya hivi. Kesho asubuhi, baba akiwa zizini na kabla wengine hawajaamka, nenda. Mwamkie, uchuchumae, na useme kwa Kisukuma, usihangaike na Kiswahili. Mtaje ng'ombe kwa jina. Sema, "Nilimuuza Mayala, nimekosa." Usiingize ya machimboni, usiseme ulikuwa mdogo, usilie ili akuhurumie. Kisha nyamaza. Akikugombeza, kaa. Akiondoka bila neno, mfuate na maji ya kunawa, uendelee na kazi zako. Wala usitegemee kwamba siku hiyohiyo mtacheka.

Ukitoka hapo, muulize mama shati liko wapi. Ukiambiwa limepelekwa kwa mganga, sema hutaki, kwa heshima, na akupe sababu. Ila uliza, kwa sababu miezi hii yote unaogopa jibu ambalo hujalisikia.

Begi lifungue. Namba ya Mageni ifute.

Na Isaka uende. Ukifika kwa wakwe usione aibu ya kukataa ng'ombe aliyekonda au anayechechemea, umetumwa kukagua, na hiyo kazi naona unaiweza kuliko ndugu zako wote. Njiani mmoja akiugua au akipotea, mpigie baba yako saa hiyohiyo, kabla hujaanza kutunga maelezo, na simu umpe Enock naye aongee. Mara ya kwanza uliondoka na ng'ombe baba yako asijue ulipo. Safari hii ajue ulipo kila saa, hata kama ng'ombe wote wako salama na huna la kumwambia.