Bunduki Imerudi Iking'aa

Jumanne, 3 Juni 2025

Imeondoka. Tulipita kituo cha polisi kuchukua kibali, kisha ofisini kwa Nelima, wakala wa silaha hapa Ruiru. Akaitenganisha, mitutu miwili huku, kitako kule, akafunga kila kipande kwa kitambaa kizito. Inakwenda Uingereza, kwa kampuni ile ile iliyoiunda mwaka wa 1958, ikavalishwe upya buluu yake.

Watu hudhani chuma cha bunduki ni cheusi. Sivyo. Ni buluu nzito, kama shingo ya njiwa akigeuka juani. Yangu ilikuwa imebaki kijivu na madoa ya kutu.

Na yote haya ni zawadi ya Idah! Binti yangu ambaye tangu utotoni hakukubali kulala chumba kimoja na bunduki hiyo. Jumapili akasema ghafla: natimiza miaka themanini, basi bunduki yangu irudi kwa wenyewe, waifanye kama mpya. Kwa nini?

Nimetia sahihi mahali pamoja. Mengine amejaza mwenyewe kwenye simu yake, eti nisichoshe macho. Macho yangu yanasoma Biblia ya herufi ndogo bila miwani mchana.

Tulipoondoka, Idah alirudi ndani — amesahau funguo. Alikaa sana kwa mtu aliyesahau funguo.

Alhamisi, 19 Juni

Misumari miwili ukutani, hakuna kitu juu yake. Kila nikiinua kichwa kutoka kitabuni naiona.

Mara ya mwisho kuikabidhi ilikuwa 1992, tukiwa bado na shamba upande wa Molo. Alikuja ofisa mmoja, mpole, akasema hali si nzuri, wenye bunduki waziweke kituoni kwa usalama wao. Nikapeleka mwenyewe, kwa baiskeli. Wiki hiyo hiyo wavamizi walikuja kuchoma nyumba. Tulitoka na watoto na gunia moja la nguo. Bunduki nilirudishiwa baada ya miaka minne, nikiwa tayari mpangaji Witeithie. Ile kutu ilitoka stoo ya kituo.

Kwa hiyo mtu akija kwa upole kuichukua, nasikiliza upole wake kuliko maneno yake.

Sasa niko Theta, kwenye ploti yangu mwenyewe, ina hati. Lakini majirani wapya wanaongezeka kila mwezi na siwajui.

Jumamosi, 2 Agosti

Thika, chai na Kyengo. Tulifundisha shule moja miaka kumi, ndiye pekee ninayeweza kumwambia. Nikamwambia nadhani Idah ameiuza. Bunduki ya zamani ya Kiingereza, iliyotengenezwa kwa mkono, wako watu wanaozitafuta.

Alicheka hadi akamwagia sahani chai.

"Nyinyi Wakikuyu, mkipewa zawadi mnaitafutia risiti."

Nikamwambia Wakamba wakipewa zawadi huipeleka kwa mganga kwanza. Akasema hiyo ni kweli.

Kisha akauliza kuhusu Shiko, mjukuu wangu, binti wa Idah. Zamani alikuwa hapa kila likizo. Nikasema yuko na masomo. Akasema Agosti yote ni likizo, mwalimu mzima hujui? Nikaomba chai nyingine.

Hajaja tangu Aprili.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimempigia Nelima mwenyewe. Idah hapendi nimpigie, anasema yeye ndiye anayewasiliana nao. Nelima ana adabu sana. Amesema kazi inaendelea, mitutu imeshasuguliwa, na ile kazi ya pili pia wameikubali.

Nikauliza kazi ya pili ni ipi.

Nilisikia karatasi zikifunuliwa. Kisha amesema labda anachanganya na mteja mwingine, mzee asijali, Idah atanieleza.

Idah hakunieleza. Kasema Nelima ana wateja wengi. Ameniuliza kama nakunywa dawa za presha.

Jumatano, 5 Novemba

Imerudi!

Niliifungua juu ya kitanda, mlango nimefunga. Sikuamini. Mitutu inameta kama maji ya kisima. Hakuna kutu, hakuna kijivu. Ukiielekeza dirishani buluu inatembea kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ndipo nikaingiwa na wasiwasi. Hii si yangu. Wamebaki na yangu, wamenipa nyingine. Pale chini ya mtutu wa kushoto palikuwa na bonde dogo, kidole gumba changu kilipajua. Hakuna.

Nikachukua leseni, nikalinganisha namba. Ndiyo yenyewe. Lakini namba hupigwa kwa nyundo, yeyote anaweza.

Nikageukia kitako. Mbao hawakugusa, wao ni watu wa chuma. Na hapo kuna alama ya moto, duara nusu, mahali marehemu mke wangu aliweka taa ya kandili usiku wa kuamkia siku niliyoipeleka kituoni. Ipo. Nikainusa. Ni yangu.

Basi nilikosea, nikamshuku mtoto wangu miezi mitano. Nimempigia kumshukuru. Amesema "sawa, Baba" kwa sauti ya mtu anayengoja neno jingine.

Alhamisi, 6 Novemba

Sikulala vizuri. Kazi ya pili.

Asubuhi nimefanya jinsi mtu wa duka alivyonifunza siku ya kuinunua. Nilichukua maganda mawili ya risasi zilizokwisha kupigwa. Kile kitufe cha nyuma, ambacho pini ya bunduki hukigonga ili risasi ilipuke, nilikijazia sabuni ya kufulia pale kilipobonyea, nikalainisha kwa kidole. Pini ikipiga, huacha shimo kwenye sabuni. Hivyo unajua bunduki iko hai bila kupoteza risasi.

Nikapakia. Nikafyatua kulia. Ta. Nikafyatua kushoto. Ta. Sauti safi, nzuri kuliko zamani.

Nikafungua. Sabuni laini. Alama ya kidole changu tu.

Nimerudia, kisha nikarudia tena.

Hawakuiiba. Hawakuibadilisha. Wameitoa pini. Wale wale walioiunda ndio wameiua, wakaipamba, wakanirudishia.

Nimemtumia Idah ujumbe: njoo Jumapili, uje peke yako.

Jumapili, 9 Novemba

Amekuja baada ya ibada. Sikumpa chai. Nikaweka maganda mezani, na sabuni yake, nikamwambia asome.

Hakukana. Hilo sikulitarajia. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo.

Amesema aliwaandikia kampuni, akawaeleza mwenyewe ni mzee, anakaa peke yake, anaipenda bunduki kwa kumbukumbu. Wakamjibu vizuri sana, wakasema huombwa hivyo mara nyingi. Ameniomba radhi kwa kunizunguka. Kwa kuitoa pini hakuomba.

Nikamwambia kuhusu 1992. Nikamwambia yeye alikuwa na miaka tisa, ameshika nguo ya mama yake usiku ule, kwa hiyo anajua mtu asiye na kitu mkononi hufanyiwa nini.

"Ulimwelekezea Shiko, Baba."

Nikasema sikumwelekezea. Mwezi wa Aprili mtoto aliruka geti kwa sababu nilichelewa kufungua, nikasikia kishindo, nikatoka nayo. Nimeishika tu, mdomo chini.

"Nilikuwa kwenye gari. Niliona. Aliinua mikono, Baba. Mtoto wa miaka kumi na mbili aliinua mikono."

Sikumbuki mikono. Nimejaribu tangu aliposema. Nakumbuka kishindo, nakumbuka ubaridi wa chuma. Mikono siikumbuki.

Kisha amefungua mkoba, akatoa pakiti ndogo ya karatasi ya mafuta. Kampuni walizirudisha pini pamoja na bunduki, kwa kuwa ni mali ya mwenyewe. Ameiweka kando ya sabuni.

"Ni zako. Nelima anaweza kuzirudisha kwa siku moja, sitamzuia. Lakini zikirudi ndani, Shiko haingii hapa tena. Chagua wewe, mimi nimechoka kuchagua kwa siri."

Akatoka. Nilidhani anaondoka. Hakuondoka — ameegemea gari pale getini, na ndani ya gari kuna mtu. Nilimwambia aje peke yake.

Nimemwomba anipe muda niandike kwanza.

Nimeifungua pakiti. Pini mbili, fupi kuliko ncha ya kidole changu kidogo, zinang'aa kwa mafuta. Nimezishika, zikapata joto upesi sana.

Shiko ameteremsha kioo. Amerefuka. Nywele amesuka. Anatazama huku dirishani na hapungi mkono.

Idah anauliza kutoka getini kama nimemaliza.

Nimemjibu bado.