Faida, sikukuu ya chama ilifaulu

Mpendwa binti yangu Faida,

Nakusalimia kutoka hapa Baraka. Nikuambie kwanza kile batu bote banasema: sikukuu ya chama chetu cha bamama ba sabuni ilifaulu. Si mimi ninajisifu. Au tuseme ninajisifu kidogo, unanijua. Lakini hata mukubwa wa chama alisema mbele ya bote kwamba tangu tuanze kupika sabuni ya mawese, hajaona sikukuu iliyopangwa namna ile. Nikamujibu: "Mwenye kuipanga hayuko hapa. Yuko Misisi."

Nilisema vile juu kila kitu nilikifanya kama ulivyokuwa unakifanya wewe. Mimi nilifika darasa la tano tu, lakini masomo yako yote kichwa changu kiliyashika. Unakumbuka mara ya kwanza ulipokuwa protokoli, mwenye kupokea bageni na kubakalisha? Ulikuwa hata hujamaliza sekondari. Bengine bangetuma tu barua za mwaliko. Wewe ulinivuta mukono, tukatembea mulango kwa mulango mpaka kijiji cha Lweba. Miguu iliniuma, nikanung'unika, ukaniambia: "Mama, barua bataiweka chini ya sahani. Tukienda sisi wenyewe, bataona haya kukosa." Na kweli, hakuna aliyekosa.

Na viti? Tuliazima kwa Bakatoliki na kwa Baprotestanti, kila kiti kimeandikwa kwa rangi nyuma herufi za kanisa lake. Zamani kila mutu alitafuta kiti cha kwao, sikukuu moja inakuwa sikukuu mbili. Wewe ulivichanganya asubuhi, kimoja cha huku, kimoja cha kule. Mama mumoja wa kwaya akagoma: "Faida, mi nitakaaje juu ya kiti cha Bakatoliki?" Ukamujibu bila hata kucheka: "Kalia tu, mama, hakibatizi." Safu nzima ikacheka, naye akakaa. Na bamama ba Bibokoboko baliposhuka na maziwa yao, miguu imejaa vumbi la mulima, ulibapa kivuli na maji kabla ya mutu yeyote. Nilikuwa nakutazama nikijiambia: huyu alitoka ndani ya tumbo langu hili.

Sasa nifike pale sitaki kufika.

Sikukuu ya mwisho uliyoipanga, yule mwalimu wa Lweba alikuwa anakupenda na wewe unamupenda. Baba yake mudogo ulimualika, ukamukalisha safu ya mbele, upande ule upepo wa ziwa unaingia. Bazee ba kwao balikuwa bado kuja kwetu kupiga hodi na kusema neno lao la posa. Ulijua, nilijua, kila mutu wa Fizi anajua: mpaka baseme bao, upande wa binti unanyamaza. Asubuhi ulinifunga kitenge vizuri, ukaniambia: "Leo we ni mugeni, mama. Mugeni anakaa." Nikakubali.

Halafu batu bakaanza kukupigia makofi. Roho yangu ikajaa. Nikasimama, nikachukua mikro ya kipaza sauti, nikasema: "Mutoto huyu munayemuona, Lweba inamutaka. Mwalimu wao tayari anatafuta ng'ombe za mahari." Bamama bakapiga vigelegele. Baba mudogo wa mwalimu akasimama polepole, akavaa kofia yake, akapita katikati ya viti, akatoka. Hakuna mutu wa kwao aliyekuja kupiga hodi tena.

Hukunigombeza. Ulipokea sahani mpaka ya mugeni wa mwisho, ukarudisha viti vya kila kanisa. Ulipokuwa unapanda pikipiki ya kwenda Misisi ndipo uliniambia: "Mama, ulikuwa na kiti."

Neno hilo moja. Tangu siku ile simu yangu unaikata.

Basi mwaka huu chama kilipouliza nani atapanga sikukuu, nilinyosha mukono mbele ya bote. Balidhani nilitaka heshima. Nilitaka urudi. Kwa programu niliandika: Protokoli, Faida. Nilipeleka tangazo redioni, lisomwe asubuhi na mangaribi, kwamba Faida binti ya Mama Faida anangojwa na mama zake bote. Siku yenyewe programu ilianza kwa saa yake, chakula kilitosha, sauti haikukatika hata mara moja. Kila pikipiki iliyosimama barabarani, nilitazama. Mukubwa wa chama aliponipa mikro niseme neno, nilimurudishia.

Baadaye alikuja yule motari, mwenye pikipiki ya kupeleka batu Misisi. Nilimuuliza kama matope yalifunga barabara. Nilimuuliza kama redio inafika kule.

"Redio inafika, Mama Faida. Ile saa nilikuwa nakula kwake, pale anauzia chakula. Alikuwa anasonga bugali, tangazo likasomwa, jina lake na jina lako. Akaendelea kusonga."

"Hakusema kitu?"

"Aliniuliza kama naongeza samaki."

Kumbe si matope. Nilikuwa nalaumu barabara bure.

Ninakuandikia barua hii wazi, kila mutu asome, juu kosa langu nililifanya mbele ya batu. Unisamehe, Faida. Nilichukua neno lililokuwa la bengine, nikalitapanya kama ni langu. Sasa nilipofika hapa naogopa kwamba hata barua hii ni mikro ingine nimekamata. Sijui njia ya kukupenda kwa sauti ndogo. Nimejaribu. Nikisikia batu banasifu mutoto wa mwingine, mudomo unafunguka wenyewe.

Mwalimu alikwisha kuoa, sitakuficha. Bibi yake ni mutu mwema, alinisalimia sokoni, nikamuitikia.

Chama kimeniomba nipange tena sikukuu ijayo. Nimekubali. Programu nimekwisha kuiandika, na pale kwa protokoli nimeweka jina la binti mwingine. Tangazo sitapeleka.

Ubaki na amani huko, mutoto wangu, na ukule wewe kwanza, ndipo uuzie bengine.

Ni mimi, mama yako