Dole Gumba la Baba kwenye Fomu ya Mifugo

“Msichana anayesomea ng’ombe ataolewa na ng’ombe.” Maneno hayo yamo ndani ya barua niliyoipokea wiki iliyopita, na aliyeyasema ni mtu mzima mwenye watoto saba. Watoto hao wote wamekua kwa maziwa. Ng’ombe aliyewalea alikatiwa majani na mwanamke, akazolewa samadi na mwanamke, akakamuliwa na mwanamke, na hakuna siku bwana huyo alisema mkewe ameolewa na ng’ombe. Mwanamke huyo huyo akitaka kujua kwa nini ng’ombe anatetemeka na kutoa machozi, hapo ndipo mzaha unaanza. Hoja ya namna hii nisingeipa nafasi gazetini kama barua yenyewe isingenigusa. Isomeni. Majina nimeyabadilisha.

*Mpendwa mshauri Mwalimu Bernadina, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba usinicheke, mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne mwaka jana, 1985, nyumbani niko na baba na wadogo wawili, kaka yangu Emilian anaendesha trekta kwenye mashamba ya ngano kule Hanang na huja mara moja kwa mwezi, mama alifariki miaka sita iliyopita akitaka kujifungua, walimbeba kwa machela kwenda hospitali wakamrudisha kabla hawajafika, na tangu siku hiyo baba anamwambia kila mtu kwamba Verediana atakuwa nesi, paroko anajua, akina mama wa jumuiya wananiita nesi hata nikiwa nachota maji.*

*Sasa kaka ameniletea fomu mbili, moja ya uuguzi wa watu na moja ya chuo cha mifugo, kozi ya miaka miwili ya kumsaidia daktari wa mifugo, kuchanja, kufunga vidonda, kuzalisha, kupima damu, na zote zinataka sahihi ya mzazi na zifike kabla ya mwisho wa Juni. Mshauri, mimi siwezi uuguzi wa watu, nikiona mwanamke ameshikwa na uchungu namwona mama na nakimbia nje, lakini kwa ng’ombe siogopi, na hili nalijua kwa sababu ya ng’ombe wa Mzee Gidamis. Huyu mzee ni rafiki wa baba, malisho yake yalipolimwa ngano alihamia Yaeda Chini na akamwachia baba ng’ombe wawili, sisi tunakunywa maziwa na ndama ni wa mwenyewe, ndiyo desturi yetu, na ng’ombe wa kuachiwa hafi hivi hivi, akifa unasimama mbele ya mwenyewe unaeleza. Mwezi wa pili mmoja alishindwa kuzaa, bwana mifugo alikuwa safarini, ndama alikunja mguu wa mbele na mkono wa baba ni mkubwa ukakataa kupita, basi akaniita mimi, nikanawa kwa sabuni mpaka begani, nikamsukuma ndama nyuma kidogo, nikafunika ukwato kwa kiganja usimchane mama yake, nikaunyoosha mguu, na baba ameshika mkia ananiambia, “Taratibu, mama, taratibu,” na ndama akatoka mzima. Lakini Mzee Gidamis alipokuja kuwaona ng’ombe wake, baba alimwambia bwana mifugo ndiye aliyezalisha, na mimi nimesimama palepale na kibuyu cha maziwa.*

*Juzi nilijaribu kumpima baba, nikasema siku hizi wasichana nao wanasomea mifugo, baba mdogo Margwe, ambaye watoto wake saba wamekua kwa maziwa ya ng’ombe anayekamuliwa na mkewe, akasema msichana anayesomea ng’ombe ataolewa na ng’ombe, wakacheka, baba naye akacheka. Mimi nikaogopa. Baba hajui kusoma. Jumapili baada ya misa nilimwekea fomu ya mifugo nikamwambia ni ya uuguzi, akaenda kunawa mikono kwanza, akaweka dole gumba, akalitazama, akasema, “Mama yako angeliona hili.” Sasa fomu iko chini ya godoro langu, posta sijaenda. Niipeleke halafu nimweleze nikishafika chuoni, au niichane nikasomee uuguzi? Usitaje jina langu wala kijiji, maana gazeti hili mimi ndiye ninayemsomea baba, na nikiruka ukurasa anajua.*

Marahaba, Verediana.

Umeiba. Nianze na hilo tusizungushane. Mtu asiyejua kusoma akinawa mikono ili asiichafue karatasi yako, amekukabidhi macho yake, na wewe umeyatumia kumpoteza njia. Fomu hiyo haiendi posta. Ichane leo.

Usidhani ninakutuma kwenye uuguzi. Uuguzi wa watu ni kazi kubwa kuliko kofia yake nyeupe, na nesi anayemwona mama yake kwenye kila kitanda hatamsaidia mgonjwa. Hukosei kuchagua mifugo. Umekosea njia tu.

Sasa isome barua yako tena. Umeijaza woga wa baba, na katikati umeandika maneno mawili ukayapita mbio: “akaniita mimi.” Majirani wapo, Margwe na mikono yake yupo. Ng’ombe wa kuachiwa, ambaye kama angekufa baba yako ndiye angesimama kujibu, alimweka mkononi mwako. Kisha akaona haya mbele ya rafiki yake, akampa bwana mifugo sifa yako. Kwa hiyo mmedanganya wote wawili, kila mtu mara moja, na wote kwa sababu ya mkono mmoja, mkono wako.

Na hicho anachokiita nesi, mwanangu, ni mtu wa kufika mapema, yule ambaye mama yako hakumpata. Miaka sita anamngoja mtu huyo. Siku ya ndama ulifika, na nadhani yeye aliliona hilo kabla yako.

Fanya hivi. Mpelekee Emilian ujumbe akuletee fomu mpya. Siku bado zipo. Nenda kwa bwana mifugo, mwamkie, mweleze habari za yule ndama, maana anasifiwa kwa kazi asiyoifanya. Mwombe barua ya kukutambulisha. Kabla hajakuandikia, omba siku mbili za kushinda naye kwenye josho la ng’ombe: ushike kamba, unuse dawa, umwone ng’ombe mwenye ndigana, homa ya kupe, ambaye hataamka. Kozi hii si ndama wazima tu. Ukirudi bado unaitaka, jaza, ambatanisha matokeo ya biolojia na kemia, na uwaandikie chuo kuuliza kama wana bweni la wasichana. Uliza sasa, usije ukaulizia ukiwa getini na sanduku.

Baba yako usimweleze mbele ya Margwe. Mweleze zizini, ndama akiwapo. Na kama mdomo utakataa kufunguka, gazeti hili litakusaidia. Jina nimelificha, kijiji nimekificha, ndama nimeshindwa. Atamtambua. Usiruke ukurasa huu. Msomee mpaka hapa, ulie kama itabidi, kisha mwekee fomu mpya na umsomee kila mstari, pamoja na jina la chuo. Akikataa, atakuwa amekataa kitu anachokijua, na mwakani fomu zitatoka tena. Akikubali, mwache anawe mikono.

Na wewe baba wa Mbulu au Hanang, unayesomewa haya na binti yako: mwambie anyamaze hapa. Mtazame usoni. Muulize chini ya godoro lake kuna fomu gani, na usiseme neno mpaka amalize kujibu.