Sahani Iliyofunikwa

Mama mpendwa,

Huku Eldoret baridi inaingia mpaka mifupani, na asubuhi mahindi yote yanamezwa na ukungu. Mwalimu wetu wa chuo ametutuma tuangalie jinsi watu wanavyotazama michezo ya kuigiza ya kigeni kwenye televisheni. Jana jioni nilikuwa Kiplombe kwa Mama Wambui, mwenye duka, ambaye televisheni yake inatumia betri ya trekta. Habari za Mtukufu Rais zilipokwisha, majirani wakasogea karibu.

Kwenye mchezo, msichana Mzungu alikuwa amechelewa kurudi nyumbani. Mama yake akala, akaosha vyombo, akazima taa.

"Kwani huyu mama hamwekei mtoto chakula?" Mama Wambui akauliza. Watu wakaguna kama wako matangani.

Mara betri ikaisha. Picha ikanywea ikawa nukta ya mwanga, na hakuna aliyeinuka. Nilitaka kuwaambia huo ni mchezo tu, lakini gizani nilimwona yule msichana akifungua mlango wa jikoni, na jiko lilikuwa letu, na mekoni palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa nyingine.

Mwalimu anataka nadharia. Mimi najua tu kwamba bado unaniwekea. Usiache, Mama.

Wako,
Nafula